Mikono ya Kuosha Shaba

Jumatatu, 4 Novemba

Karatasi tisa. Saba zimelia.

Nimezikata mwenyewe asubuhi, ukubwa wa ukurasa wa daftari. Shaba safi, nyembamba, ukiipuliza inainuka. Nikaziosha kwa asidi nyepesi, nikasuuza mara tatu, nikakausha, nikavaa glavu. Nikaziweka moja moja kwenye kisahani kinachozunguka, nikadondosha dawa ya kuzuia umeme katikati, ikatandaa mpaka macho hayaioni tena. Nikampelekea Nalongo kwenye tanuri. Akazichoma ndani ya naitrojeni, shaba isije ikaungua ikawa nyeusi. Mwisho Injinia Wafula akazipaka shaba nyingine kwa juu, akashika mita.

Pii. Pii. Pii.

Mita ikilia maana yake umeme umepenya pale ambapo haukutakiwa kupenya. Katundu kamoja tu kwenye ile dawa, kadogo kuliko ncha ya sindano, basi, kazi ya siku imekwisha.

Injinia hakusema kitu. Afadhali angefoka. Mkenya huyu akinyamaza, ujue hali ni mbaya.

Tuko watu watatu tu humu, kwenye duka la zamani la Wahindi hapa Old Kampala. Kuta nene, madirisha madogo. Vumbi la barabarani halituoni. Nashukuru kwa kuta hizi. Nashukuru na kwa mikono yangu. Mwezi wa tisa ilikuwa imepasuka mpaka inatoa damu, asidi na kunawa kila saa. Leo laini kama ya bibi harusi. Ni lile kopo la mafuta alilonipa Nalongo. Mungu amtunze mama yule.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Dawa yetu haipatani na hewa ya maji. Ikisikia unyevu tu, inageuka nyeupe kama uji. Tumemwaga chupa nzima. Injinia amekwenda kusimama nje kwenye mvua bila mwavuli. Sijui anamkomoa nani.

Jioni binti yangu Neema ameniuliza tena ninafanya nini hasa kazini. Ana miaka kumi na mitano, kila kitu lazima akielewe mpaka mwisho. Nimemwambia kapasita ni kibuyu kidogo cha umeme. Kinajaa, kikiombwa kinamimina. Zile za dukani zinasimama juu ya bodi kama uyoga. Za kwetu ni bapa. Tunazizika ndani ya bodi yenyewe, katikati ya vitambaa vya kioo vyenye gundi, halafu mashine inakandamiza kwa moto, na bodi inabaki nyembamba kama kadi. Ikishazikwa humo haitoki tena. Ndiyo maana lazima iwe nzima kabla.

Akauliza, kwa nini mnazizika kama bado ziko hai?

Mtoto huyu ana mdomo. Sijui amemrithi nani. (Najua.)

Alhamisi, 7 Novemba

Nane. Nane zote zimelia. Siku mbaya kuliko zote.

Injinia ametuita mezani. Hakukaa. Alisema ile hospitali ya mbali bado inasubiri bodi kumi na mbili za majaribio, na gari lao linakuja tarehe ishirini na tisa. Hilo tunalijua. Bodi zinaingia kwenye mkanda mdogo wa kumvalisha mguuni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Akisahau kupumua, mkanda unamwita nesi. Kwa mguu wa mtoto kama huyo bodi nene haifai. Ndiyo sababu ya shida zote hizi.

Mimi sihitaji kuelezwa. Neema alizaliwa wa miezi saba, Bukavu. Nilimfunga kifuani kwa kitenge nikasikiliza pumzi yake wiki tisa, mchana na usiku. Mashine yangu ilikuwa sikio langu.

Halafu Injinia akasema maneno ambayo sikuyategemea. Kwamba matundu yanatokea kwenye moto. Kwamba yalianza mwezi wa kumi. Kwamba yeye mwenyewe aliifungua tanuri akabadilisha nyaya, na wiki iliyofuata karatasi zikatoka nzuri, halafu zikaharibika tena. Kwa hiyo si tanuri. Ni anayeitumia. Alisema hivyo akiangalia sakafu.

Nalongo amepewa wiki moja. Mpaka Ijumaa ijayo. Zikiendelea kulia, Injinia ataleta kijana kutoka chuo cha ufundi.

Nalongo alifuta mikono kwenye aproni, akarudi kwenye tanuri yake, akaipangusa mlango.

Nimekasirika mno. Mwanamke ana miaka sitini na mbili. Anasomesha wajukuu wanne. Hajawahi kuchelewa hata siku moja.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekula na Nalongo mchana kama siku zote, matoke yake na sombe yangu ya majani ya muhogo. Nilikuwa nachezea chakula. Akanigonga kijiko mkononi. "Kura, Mapendo. Chakula si yeye alikosa."

Kula ndiyo kura, kulia ndiyo kuria. Kiswahili chake kiko hivyo, na mimi sitaki kibadilike.

Niandike, nisije nikasahau. Nilifika Kampala kwa basi na mtoto wa miaka minne na mfuko mmoja. Nilikaa nje ya kanisa pale Katwe kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa. Watu walipita. Yeye alisimama. Hakuwa na Kiswahili wakati ule, na hakukitaka. Kwake kilikuwa lugha ya askari. Katika vita vyote alivyoviona, aliyemgongea mlango aligonga kwa Kiswahili. Lakini alinichukua. Chumba cha nyuma, mkeka, uji wa mtoto. Kiswahili akajifunza jikoni kwake, kutoka kwangu, neno kwa neno, chumvi, moto, njoo, lala. Miezi saba sikulipa hata kwa kufua. Halafu ni yeye aliyenishika mkono akanileta kwa Injinia: huyu mwanamke ana mikono safi, mpe kazi.

Mama wa mapacha, ndiyo maana ya Nalongo. Mimi nasema ana mapacha na mimi wa tatu.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani nimeombea tanuri. Nimeona haya kidogo. Mchungaji anaomba kwa ajili ya amani ya Kivu, mimi naomba kwa ajili ya nyaya.

Jumatatu, 11 Novemba

Karatasi kumi, tisa zimelia. Nalongo alikuwa amesugua ndani ya tanuri mpaka matofali yanang'aa. Amepima gesi mara mbili. Nilisimama naye nikaangalia kila kitu, na kila kitu kilikuwa sawa. Amesema mara moja tu, taratibu, akiwa ameelekea mlango wa tanuri: "Mimi najua hii tanuri yangu. Hii si yeye."

Namwamini. Lakini kuamini hakuzibi matundu.

Jumatano, 13 Novemba

Leo nimechukua kitabu cha kazi. Kila karatasi imeandikwa humo: siku, nani ameosha, nani amechoma, imelia au haikulia. Injinia anaandika moto tu kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo macho yake yanasoma moto tu. Mimi nimesoma kutoka upande wangu.

Mwezi wa tisa wote: nzuri, nzuri, nzuri, moja moja inalia.

Mwezi wa kumi, kuanzia wiki ya kwanza: zinalia.

Wiki ya tarehe ishirini na moja: nzuri zote. Ndiyo ile wiki ya nyaya mpya.

Halafu zinalia tena mpaka leo.

Nikaangalia jina la aliyeosha. Wiki ile ya nyaya mpya si jina langu. Ni Nalongo. Mimi nilikuwa kitandani na malaria, siku tano sikuinua kichwa. Yeye aliosha, yeye alizungusha dawa, yeye alichoma. Zote nzuri.

Nimesoma tena. Na tena. Nikafunga kitabu.

Haiwezekani. Mimi ndiye msafi humu ndani. Kila mtu anajua. Hata Neema ananicheka jinsi ninavyoosha vijiko.

Alhamisi, 14 Novemba

Inawezekana.

Mchana Injinia alitoka, Nalongo alikuwa anasubiri tanuri ipoe. Nikachukua karatasi mbili za shaba. Ya kwanza nimeiosha na kuishika kama ninavyofanya siku zote, na glavu. Ya pili nilimwomba Nalongo anioshee, nikamdanganya kwamba mgongo unaniuma. Nikadondosha tone la maji kwenye kila moja.

Kwenye ya Nalongo maji yalitandaa yakalala.

Kwenye ya kwangu tone lilisimama. Duara, linang'aa, kama maji kwenye jani la yugwa. Nikainamisha karatasi, likabingirika, likaacha pakavu.

Mafuta.

Lile kopo, alilonipa mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Najipaka asubuhi nyumbani. Najipaka tena baada ya kila kunawa, ndipo navaa glavu; kabla ya kopo nilijipaka nyumbani tu, na kunawa kazini kuliyaondoa. Glavu nazivuta kwa vidole vyenye mafuta, kwa nje. Halafu nashika shaba. Mafuta yenyewe hayaonekani. Dawa ikifika juu yake inajikunja, inaacha kaduara katupu. Dawa ni kama maji, haina rangi, huwezi kuona. Ikitoka kwenye moto ndipo tundu linaonekana. Basi kila mtu analaumu moto.

Nani angefikiri? Kwetu mtu hatoki nyumbani bila kujipaka. Mama yangu alikuwa akituona na magoti meupe anaturudisha ndani, kwamba tunamwaibisha, watu watasema hatuna mama. Toka uchi, lakini umejipaka. Nimejipaka kila siku ya maisha yangu. Sikuhesabu mafuta kuwa uchafu. Mafuta ndiyo usafi wenyewe.

Ni mimi. Wiki zote hizi ni mimi.

Ijumaa, 15 Novemba

Sikusema.

Niandike ilivyokuwa, nisijipendelee. Asubuhi nilifika nikiwa nimejiandaa kusema. Injinia alikuwa anaongea na hospitali kwenye simu, anaomba radhi, sauti yake ya chini. Nikaona nisubiri. Halafu nikaona nisubiri mchana. Nilifikiria karatasi zangu za ukimbizi, ada ya Neema, nani atamchukua mwanamke aliyeharibu shaba ya miezi miwili. Nikanyamaza.

Saa kumi Injinia alimwambia Nalongo asije Jumatatu. Alimwambia kwa heshima, alimwita mama. Nalongo akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya tanuri. Akaniambia, "Angalia mrango wa gesi, unakaza sana unavunja." Akaondoka.

Nilikuwa nimesimama pale. Mdomo wangu ulikuwepo. Ulimi ulikuwepo.

Najichukia.

Jumamosi, 16 Novemba

Sikula. Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Nimenawa mikono kwa sabuni ya kipande na majivu mpaka ngozi inawaka. Neema akaniuliza kama nimeua mtu. Alitania. Nikalia mbele ya mtoto, jambo ambalo sijalifanya tangu Bukavu. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kitu cha ajabu kwake. Akasema: mama, kwani wewe unaogopa nini, si Nalongo alituokota tukiwa hatuna kitu? Tukirudi kuwa hatuna kitu, si tunajua njia?

Eh, Mungu wangu. Nashukuru kwa mdomo wa mtoto huyu.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimesema.

Nilifika kabla ya Injinia nikakaa kwenye ngazi. Sikumpa nafasi ya kuweka mfuko chini. Nikamwambia, si tanuri, ni mimi. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Nikamwonyesha kitabu cha kazi, upande wangu. Nikaosha karatasi mbili, moja kwa mikono mitupu iliyooshwa kwa majivu, moja nikajipaka kwanza kama desturi yangu, nikavaa glavu. Tone hapa, tone pale. Lilitandaa. Lilisimama.

Injinia akavaa glavu zake, akachukua karatasi ya tatu, akaishika pembeni jinsi anavyoishika siku zote, akadondosha tone.

Likasimama.

Akajishika ndevu. Anazipaka mafuta kila asubuhi, yale ya kunukia, tunamtania kila siku kwamba anakwenda kuposa. Akalitazama lile tone muda mrefu sana.

"Kumbe hata mimi," akasema.

Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Akauliza nimejua lini. Nikamwambia Alhamisi. Hapo ndipo alipofoka, na kelele zake zilifika mpaka kwa fundi viatu upande wa pili. "Alhamisi! Yaani Ijumaa ulikuwa unajua? Ulikaa hapo ukaniona nikimfukuza mama wa watu?"

Nikasema ndiyo.

Alizunguka chumba. Akapiga meza. Akaketi kwenye kigoda cha Nalongo karibu na tanuri, na sauti yake ikawa ndogo: "Na mimi ndiye niliyefungua mdomo kumfukuza. Wewe ulinyamaza tu."

Sikujua kama ananihurumia au anajihukumu. Labda vyote.

Tulifunga mlango tukaenda Katwe mpaka kwa Nalongo. Hayupo. Simu imezimwa. Mjukuu wake akasema amekwenda kwa dada yake, Kalerwe, kuuza mboga. Siku moja tu bila kazi, na tayari yuko sokoni. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

Bado sijafukuzwa. Sijaambiwa kitu. Nashukuru hata kwa kutoambiwa.

Jumanne, 19 Novemba

Kalerwe, saa mbili asubuhi. Tope mpaka kwenye vifundo. Injinia alikuja na viatu vyake vya ofisini, vinang'aa, basi kila bodaboda ikampigia honi. Tulimpata Nalongo nyuma ya mafungu ya nakati na dodo, ameketi kwenye kreti, anafunga mboga kwa nyuzi za mgomba. Alituona. Hakuacha kufunga.

Injinia akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa. Akasema, Nalongo, nimekosa, tanuri haikuwa na kosa na wewe hukuwa na kosa. Nalongo akafunga fungu. Akachukua jingine.

Basi nikapiga magoti. Kwetu hatupigi magoti sokoni. Waganda ndio wanaopiga, mwanamke kwa mkubwa wake, na miaka yote hii Nalongo hakuwahi kunidai. Nikapiga, kwenye tope, na kitenge changu cha kanisani. Nikamweleza. Glavu, vidole, kopo, tone la maji. Wanawake wa jirani waliacha kuuza.

Akauliza: "Mafuta yangu? Yale mimi nilikupa?"

Nikasema ndiyo, yale.

Mwanzo niliona mabega yanatikisika, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka fungu la nakati likamponyoka. Akawaeleza wenzake kwa Kiganda, nao wakacheka, soko zima la upande ule likacheka. "Mimi nimejifukuza!" alikuwa anasema. "Na kopo rangu mwenyewe!"

Halafu akaacha. Akaniuliza swali lile lile la Injinia. Ijumaa ulijua?

Nikasema nilijua.

Akafunga mafungu matatu. Niliyahesabu. Magoti yangu yalikuwa yameingia kwenye tope, na hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Ijumaa uliogopa," akasema. "Una mutoto. Mimi pia, siku ile mimi nakuona kwa kanisa, nilipita kwanza. Nilifika kwa kona. Nikarudi. Hiyo kona sijakuambia mpaka leo. Sasa simama, unaharibu kitenge."

Nilisimama. Miaka kumi na moja, na sikujua habari ya kona. Nilifikiri alisimama moja kwa moja. Sijui kwa nini nimempenda zaidi.

Kwa Injinia hakuwa rahisi hivyo. Alimwambia yeye atarudi, lakini kwanza Injinia aandike. Kwenye kitabu cha kazi, kwa ile kalamu yake nyekundu, kwamba tanuri haikukosa na Nalongo hakukosa. Nalongo mwenyewe hasomi Kiingereza cha kitabu kile. Haijalishi, anataka kiwemo. Injinia akasema ataandika leo hii. Akaongeza kwamba viatu vyake vimekwisha kwa tope. Nalongo akamwuzia mafungu sita ya nakati.

Jumatano, 20 Novemba

Imeandikwa. Wino mwekundu, mistari minne, na sahihi. Nalongo amemfanya aisome kwa sauti mbele ya tanuri, kwa Kiswahili. Alisikiliza akiwa amefunga mikono, kama anasomewa hukumu ya mtu mwingine. Halafu akavaa aproni.

Mimi nimeulizwa na Injinia kama naweza kufanya kazi na mikono mikavu. Hilo tu. Nimesema naweza hata bila mikono. Akasema tuanze na mikono.

Sheria mpya: hakuna mafuta ya aina yoyote kuanzia kitandani mpaka saa kumi na moja jioni. Mikono, uso, nywele, ndevu. Tunanawa kwa sabuni isiyonukia, na glavu tunazivuta kwa koleo. Injinia amekuja na ndevu kavu zimesimama kila upande. Nalongo akamwuliza kama amepigwa na umeme.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimetoka nyumbani bila kujipaka. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Mlangoni nilirudi ndani mara mbili. Magoti nimeyaficha kwa kitenge, lakini mikono na uso nitavificha wapi? Mama Furaha, jirani, aliniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nikamwambia ni kazi. Akanitazama kwa huruma.

Mama, huko uliko, funga macho.

Ijumaa, 22 Novemba

Karatasi kumi.

Injinia alianza kupima saa tisa. Tulisimama wote watatu. Nalongo alishika rozari yake mfukoni, niliona kidole kinatembea. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Sikuwahi kujua kimya kinaweza kuwa kitamu hivi. Mpaka ya tisa, kimya. Ya kumi ikalia pii, ndefu, na sisi wote watatu tukaangua kicheko, kwa sababu tulikuwa tumeshasahau kupumua.

Tisa kati ya kumi. Aksanti, Mungu. Aksanti, majivu.

Jumanne, 26 Novemba

Tunazika. Karatasi nzuri zinalazwa juu ya kitambaa cha kioo, kitambaa kingine juu, moto, uzito, saa nzima. Zikitoka ni bodi moja. Huwezi kujua kuna nini ndani. Injinia anachora njia za umeme, anatoboa, anapima tena. Bodi nane tayari, zote zinashika umeme wake vizuri.

Mikono yangu imepasuka tena. Kidole gumba kinatoa damu. Nafunga plasta, nanawa, naendelea. Inauma. Sijali sana.

Alhamisi, 28 Novemba

Kumi na mbili. Na moja ya akiba.

Injinia amefunga kila moja kwenye karatasi laini. Ameniita nijaribu mkanda wa kwanza. Nimeuvalisha kwenye kidole changu, kwa sababu mguu wa mtoto aliyezaliwa wa miezi saba unalingana na kidole cha mtu mzima. Mimi najua, nilimshika. Taa ndogo ya kijani ikawaka, ikawa inapepesa. Nikamrudishia.

Wiki tisa nilisikiliza kwa sikio. Sasa kuna mama huko ataweza kulala saa moja. Saa moja tu. Yeye hatajua kwamba mimi nipo, na ni sawa.

Ijumaa, 29 Novemba

Gari la hospitali lilikuja saa nne. Dereva alitia sahihi, akaweka kasha kwenye kiti cha mbele, akalifunga mkanda. Likateremka mlima. Ndivyo tu.

Mchana tulifagia. Injinia alilala kwenye kiti, mdomo wazi, ndevu kavu. Hatukumwamsha.

Saa kumi na moja mwadhini alianza kule juu msikitini, anajaribu kipaza sauti. Nalongo akazima tanuri, tukanawa, tukatoka. Nje ya mlango, upande wa barabarani, Injinia amepigilia msumari. Kopo limening'inia hapo, ndani ya mfuko wa nailoni. Lile lile. Nilikuwa nimefikiri wamelitupa.

Nikanyoosha mkono nilichukue. Nalongo akawahi. Akafungua mwenyewe, akachota kwa vidole viwili, akashika mkono wangu wa kulia. Alipaka kidole kwa kidole, katikati ya vidole, kwenye mipasuko polepole, mpaka kwenye kiwiko, kama anavyopakwa mtoto anayepelekwa kanisani. Halafu wa kushoto. Watu walikuwa wanapita. Alipomaliza alinitazama, akaniambia sasa naweza kwenda nyumbani, sasa niko mtu.

Nimefika. Neema anachemsha maharage. Nimekaa kuandika na kalamu inateleza, na hapa pembeni ya ukurasa kidole changu kimeacha doa la mafuta. Duara kubwa, karatasi imekuwa kama kioo, naona maandishi ya upande wa pili.

Nimeliacha. Hii ni karatasi tu, si shaba.